Umeandika Makala 200, Lakini Utaonyesha Gani?

Wengi wetu kwenye timu hii tulianza kuandika mtandaoni tukiwa bado chuoni. Kazi ilikuja kwa WhatsApp: maneno 800 kuhusu bima ya mbwa kule Marekani, makataa saa kumi na mbili asubuhi. Mbwa wetu sisi hata chanjo alipata kwa bahati. Ijumaa simu inalia, pesa imeingia, unanunua bando na unga, maisha yanasonga.

Shida ilikuja pale mteja mwenye bei nzuri alipomwandikia mmoja wetu: "Nitumie mifano mitatu ya kazi yako." Mwenzetu alikuwa ameandika makala zaidi ya 200. Hakuwa na hata moja ya kuonyesha. Taarifa ya akaunti yake ya simu ilijaa malipo mwezi baada ya mwezi, lakini hiyo inaonyesha tu kwamba ulilipwa. Haionyeshi unajua kuandika. Kazi ikaenda kwa mtu mwingine.

Zile 200 zilienda wapi? Nyingine aliziandika kwa akaunti ya kukodi, kwa hivyo sifa zote zilibaki na mwenye akaunti. Nyingine zilikuwa insha za wanafunzi wa ng'ambo. Tuseme ukweli, insha hizo zimelipa karo na kodi za nyumba za Wakenya wengi, lakini huwezi kuziweka mezani mbele ya mteja. Kule England, sheria ya mwaka 2022 iliharamisha biashara ya kuwauzia wanafunzi insha. Zilizobaki zilitoka kwa majina ya wateja wenyewe.

Na hapo kwa majina ya wateja ndipo wengi huteleza. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ukiagizwa na kulipwa kuiandika, hakimiliki huchukuliwa kuwa ya aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hivyo ruhusa iombe wakati mnapatana bei, si miezi sita baadaye. Ujumbe mfupi unatosha: "Naomba kutumia makala haya kama mfano wa kazi yangu yakishachapishwa." Akikataa, sawa, ila bei ipande. Anakununua kalamu na jina pamoja.

Kama bado huna mteja, usingoje. Andika makala matatu kuhusu kitu unachokijua kuliko mtu wa Marekani: jinsi ya kuchagua kamera kwenye mitumba ya Gikomba, hesabu ya kufuga kuku 50 wa kienyeji, vile mama mboga anavyopanga mauzo yake. Matatu mazuri yanashinda 30 ya haraka haraka. Yaweke kwenye folda moja ya Google Drive, halafu fungua ile linki kwa simu ya rafiki. Utashangaa ni mara ngapi mteja hubonyeza na kukuta mlango umefungwa.

Upande wa pesa sisi huwa wakali kidogo, mtusamehe. Mteja mpya alipe nusu kabla hujaanza. Akisema ametuma, angalia salio lako mwenyewe, usiamini ujumbe pekee, maana jumbe bandia za malipo ni nyingi. Anayekuitisha "ada ya usajili" ili akupe kazi hana kazi. Na kila malipo yakiingia, andika mahali tarehe, kichwa cha makala na nambari ya muamala. Siku mteja atakapodai hukumwandikia kitu, au alikulipa tayari, utakuwa na jibu kabla hajamaliza kuandika.

Yule mwenzetu alianza upya na makala matatu, moja likiwa lile la Gikomba. Alimpelekea mwenye saluni mtaani kwao, ambaye ukurasa wake ulikuwa na picha tupu bila maelezo. Wakapatana Sh1,500 kwa makala moja kuhusu kutunza nywele za kusuka, Sh750 kabla na Sh750 baada, na jina lake liandikwe chini. Mwenye saluni aliuliza jina la nini. Akaelezwa, akacheka, akakubali.