Fahamu: Redio ya upepo kwenye pikipiki

CB ni nini?
Ni redio ya upepo inayotumia mawimbi ya karibu megahezi 27. Nchini Marekani ina chaneli 40. Haihitaji mtandao wa simu.

Inafungwaje?
Hutumia betri ya pikipiki. Spika na maikrofoni hukaa ndani ya helmeti, kitufe cha kuongelea kwenye usukani, hivyo mikono haishiki simu.

Arusha je?
Madereva wa utalii wamezoea redio za upepo mbugani. Kwa waendesha pikipiki, Mlima Meru wenye mita 4,566 unaweza kukata mawasiliano kati ya pande zake.

Sheria inasemaje?
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ndiyo husimamia masafa, chini ya sheria ya mwaka 2010. Ulizia kibali kabla ya kununua.