Mwalimu Kizimbani, Mtoto Darasani

Hivi karibuni nilikuwa Kihurio, wilayani Same, chini ya milima ya Upare. Wasabato wamo Upare tangu mwaka 1903, na mzee aliyenikaribisha ni mmoja wao. Baada ya chakula cha jioni alinionyesha karatasi ya mjukuu wake wa sekondari. Swali la chimbuko la binadamu lilikuwa halikujibiwa. Sifuri.

"Anaogopa kumkana Mungu," mzee akaniambia. "Sasa mwanangu, wewe mtu wa redio, nikienda mahakamani nitashinda?"

Nikamjibu, "Baba, kesi ya namna hiyo ilikwisha kusikilizwa, lakini si huku kwetu."

Ilikuwa Julai 1925, katika mji mdogo wa Dayton, jimbo la Tennessee, Marekani. Mwaka huo huo jimbo lilikuwa limetunga sheria ya kukataza shule za umma kufundisha kwamba binadamu ametokana na viumbe wa chini. Mwalimu kijana, John Scopes, alikubali kushitakiwa ili sheria hiyo ipimwe. Upande wa mashitaka alikuwapo William Jennings Bryan, aliyewahi kugombea urais mara tatu. Aliyemtetea mwalimu ni wakili mashuhuri Clarence Darrow. Redio ya WGN ya Chicago iliitangaza kesi moja kwa moja.

Watu walidhani mahakama ingeamua kama mkweli ni Musa au Darwin. Haikuamua hivyo. Jaji alikataa wanasayansi wasitoe ushahidi mbele ya baraza la wananchi 12 waliosikiliza kesi. Swali lilibaki moja tu: je, mwalimu alifundisha kilichokatazwa? Alionekana na hatia, akatozwa faini ya dola 100. Ajabu ni kwamba kitabu alichotumia kilikuwa kimeidhinishwa na jimbo lenyewe!

Mwaka 1927 hukumu ilitenguliwa, kwa sababu faini ilipangwa na jaji badala ya baraza. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1967. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kuwa marufuku ya namna hiyo inavunja katiba, maana serikali haina ruhusa ya kuipendelea dini.

Kwetu Afrika Mashariki mvutano ulifika Nairobi mwaka 2006. Askofu Boniface Adoyo alipinga Jumba la Makumbusho kuyapa nafasi ya mbele mabaki ya Kijana wa Turkana, yenye umri wa miaka kama milioni moja na nusu. Richard Leakey akamjibu kwa ukali. Mabaki hayo yaliendelea kuonyeshwa.

Mzee akauliza, "Kwa hiyo sina kesi?"

Nilimweleza ninavyoona mimi. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inalinda imani ya mjukuu wake. Mwalimu hana mamlaka ya kumwambia aache kusali. Lakini anayo haki ya kumwuliza wanasayansi wanasema nini, na kwa ushahidi gani. Nao hawasemi kwamba nyani wa leo alimzaa mtu. Wanasema mtu na sokwe wana asili moja ya zamani sana, na baadhi ya ushahidi umetoka nchini mwetu, Olduvai, ambako Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959.

Kueleza hoja si kula kiapo. Mwanafunzi Mkristo anayeeleza nguzo tano za Uislamu hajasilimu. Kadhalika Msabato anayeandika hoja ya Darwin hajabatizwa upya.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akamwita mjukuu wake. "Lete kalamu," akamwambia. "Andika walichosema wao. Unachoamini wewe Mungu anakijua."

Kijana akakaa karibu na taa, akaanza kuandika. Sikuona haja ya mahakama.