Kifuko cha maji katika ubongo wa kijusi si hukumu

MAMA mjamzito atokaye Matasia kwenda Ngong kupigwa picha ya ultrasaundi hutaraji kuelezwa mambo mawili: iwapo mtoto yu hai na lini atazaliwa. Akikabidhiwa karatasi isemayo kwamba kuna kifuko cha maji katika ubongo wa mtoto, hurudi nyumbani kana kwamba amekwisha kuhukumiwa.

Ilhali maneno hayo hujumuisha hali kadhaa zisizolingana kwa uzito. Baadhi hutoweka zenyewe kabla ya mtoto kuzaliwa, nyingine huhitaji upasuaji, na chache huashiria maradhi yasiyo na tiba.

Ultrasaundi haitumii miale kama eksirei. Hupeleka tumboni mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, kisha hupokea mwangwi wake. Mfupa hurudisha mwangwi mkali, ukaonekana mweupe. Maji hayarudishi mwangwi, yakaonekana meusi. Kwa hivyo, lililo gumu si kuliona doa hilo jeusi bali kulitambua.

Kifuko kionekanacho mara nyingi zaidi hukaa ndani ya koroidi pleksasi, yaani tishu itengenezayo maji ya ubongo. Hupatikana katika kijusi kimoja au viwili kwa kila 100 vinavyopimwa katikati ya mimba. Vingi hutoweka kufikia wiki ya 28, na kikiwa peke yake hakidhuru akili ya mtoto.

Wasiwasi huanza daktari anapoona pia kasoro ya moyo au vidole vilivyokunjwa visivyofunguka. Hapo huenda kijusi kina kromosomu ya 18 iliyozidi, hali iitwayo ugonjwa wa Edwards. Wengi wa watoto wenye hali hiyo hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Kifuko cha aina nyingine hutokea katika utando unaoufunika ubongo. Kikiwa kidogo, mtu aweza kuishi nacho hadi uzeeni bila kujua. Kikiwa kikubwa, huweza kuziba njia ya maji.

Hali ya Dandy-Walker nayo huathiri ubongo wa nyuma, ambao huuwezesha mwili kusimama na kutembea bila kuyumba. Sehemu yake ya kati huwa ndogo au hukosekana kabisa, na maji hujaa mahali pake. Kwa kuwa sehemu hiyo huchelewa kukamilika, picha iliyopigwa kabla ya wiki ya 18 yaweza kumshtua mama bure.

Ndiyo sababu wakati una maana kubwa. Mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apigwe picha angalau moja kabla ya wiki ya 24. Ubongo huchunguzwa vyema kati ya wiki ya 18 na ya 22. Mtaalamu hupima pia vyumba vya maji vya ubongo. Upana ukifika milimita 10, mama huhitaji kufuatiliwa.

Mama aliyepewa habari hizi anapaswa kuuliza maswali matatu: kifuko kiko sehemu gani ya ubongo, kiko peke yake au kuna kasoro nyingine, na picha ya pili itapigwa lini. Kukiwa na shaka, aombe barua ya rufaa aonwe na daktari bingwa, kwa mfano katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi.

Hata mtoto anayezaliwa na kichwa maji ana matumaini. Mapema miaka ya 2000, daktari Benjamin Warf, Mmarekani aliyefanya kazi mjini Mbale, Uganda, aliendeleza upasuaji unaofungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo na kuichoma koroidi pleksasi ili ipunguze maji. Watoto wengi waliofanyiwa hawakuhitaji kuwekewa mrija. Nchini Kenya, Hospitali ya Kijabe ni miongoni mwa zinazowatibu watoto hao.

Faida ya kujua mapema ni hiyo: mama hujifungua karibu na mpasuaji, badala ya kungoja nyumbani hadi kichwa cha mtoto kianze kuvimba.