Sura ya Nne: Kumhesabu Mvuvi

Kuanzia 1990 Kenya ilikisia maambukizi ya VVU kwa damu ya wajawazito. Mama akifika kliniki, damu iliyobaki baada ya kipimo cha kaswende ilipimwa virusi bila jina lake kuandikwa. Njia nafuu hiyo, ila ilimkosa mwanamume, maana kliniki ya wajawazito si kwake.

Mwaka 2001 KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ikishirikiana na CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, ilianza kazi nyingine katika vijiji vya Asembo, kisha Gem, huko Siaya. Makao ya kazi hiyo yako Kisian, nje kidogo ya Kisumu. Kila dala, yaani boma, ilipewa namba, na kila mtu namba yake. Mdadisi alirudi kila baada ya miezi minne: nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa? Wengi walifia nyumbani bila cheti cha daktari, basi jamaa waliulizwa kuhusu siku za mwisho. Homa ilianza lini? Alikohoa? Alikonda? Ni maswali mazito kumwuliza mjane, lakini ndiyo yaliyowezesha kuona vifo vya watu wazima vikipungua dawa za ARV zilipoenea.

Utaratibu huo unamfaa mtu anayelala kwake. Lakini mvuvi wa omena, dagaa wa Ziwa Victoria, hufanya kazi usiku wa giza, akivuta samaki kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, naye hupumzika. Omena wakihama, anahama nao: leo Usenge, kesho Mfangano. Mdadisi anayefuata kalenda ya ofisi atakuta mlango umefungwa, aandike "hayupo". Na huyo hayupo si mtu wa kupuuzwa: utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta maambukizi ya asilimia 4.9 nchini, lakini katika kaunti za kando ya ziwa 15.3 Siaya, 17.5 Kisumu na 19.6 Homa Bay.

Utafiti wa SEARCH, ulioanza 2013 katika jamii 32 za Kenya na Uganda, ulijaribu suluhisho la tatizo hilo. Kwanza watu waliitwa kwenye kambi ya afya, wapimwe pia presha na kisukari, ili anayeingia hemani asinyoshewe kidole. Wasiofika walifuatwa majumbani. Asilimia 89 ya wakazi wazima walipimwa VVU. Miongoni mwa waliokosekana, wanaume na wahamaji walizidi.