Kinga dhidi ya sumu za viwandani huanzia darasani

KILA asubuhi mkazi wa mjini hukutana na kemikali kadha kabla hata hajatoka nyumbani: sabuni ya kuogea, dawa ya meno, mafuta ya nywele, rangi iliyo ukutani na pengine kidonge cha kutuliza maumivu ya kichwa. Nyuma ya bidhaa hizo yupo mkemia aliyesomea kazi yake chuoni.

Je, mkemia huyo alifunzwa jinsi kemikali inavyoweza kuudhuru mwili wa binadamu? Wengi watashangaa kusikia kwamba kwa miaka mingi mtu aliweza kupata shahada ya uzamifu ya kemia bila kuhudhuria somo hata moja kuhusu sumu.

Mmoja wa waliogutushwa na jambo hilo ni John Warner, mkemia wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kamera ya Polaroid. Mwaka 1993 mwanawe wa umri wa miaka miwili alifariki kutokana na kasoro ya ini aliyozaliwa nayo. Katika majonzi yake, Warner alijiuliza kama kuna kitu alichokishika maabarani kilichosababisha ugonjwa huo.

Swali hilo halikupata jibu, wala haikuthibitishwa kwamba kemikali ndiyo iliyokuwa chanzo. Hata hivyo, lilimfumbua macho. Alikuwa ametengeneza kemikali nyingi mpya, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kumfundisha ni nini kinachoifanya moja iwe sumu na nyingine isiwe.

Mwaka 1998, Warner na mwenzake Paul Anastas, aliyekuwa mtumishi wa idara ya serikali ya Marekani inayosimamia mazingira, walichapisha kitabu chenye kanuni 12 za kile kinachoitwa kemia ya kijani. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Boston kilianzisha masomo ya uzamifu katika fani hiyo, ya kwanza ya aina yake.

Kemia ya kijani si dawa za mitishamba, wala si kampeni ya kupanda miti. Ni kemia ile ile ya kutengeneza dawa, rangi na plastiki, ila mkemia hutakiwa kuepuka sumu na taka tangu anapoanza kubuni bidhaa. Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na kanuni ya kwanza kati ya hizo 12 inasema karibu hayo hayo: ni bora kuzuia taka kuliko kuisafisha baadaye.

<b>Glavu hazitoshi</b>

Wanafunzi wa kemia wamezoea kufundishwa kujikinga kwa glavu, miwani na makabati ya kufyonza mvuke. Vifaa hivyo ni muhimu, lakini humtenga tu mtu na sumu. Sumu yenyewe hubaki pale pale, na siku kifaa kikikosa kufanya kazi, maafa hutokea.

Hayo ndiyo yaliyoukumba mji wa Bhopal, India, usiku wa kuamkia Desemba 3, 1984. Zaidi ya tani 40 za kemikali ya sumu zilivuja kutoka kiwanda cha dawa za kuulia wadudu na kuua maelfu ya watu. Mtambo wa kuipoza kemikali hiyo ulikuwa umezimwa, na mnara wa kuchomea gesi ulikuwa haufanyi kazi. Lakini njia ya kutengeneza dawa hiyo bila kutumia kemikali iliyovuja ilikuwepo. Mwanafunzi wa kemia ya kijani hufundishwa kuuliza swali hilo mapema: je, kuna haja ya kuwa na sumu hii hapa?

<b>Mazoezi yabadilishwa</b>

Katika Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walimu walianza kubadilisha mazoezi ya maabara mwishoni mwa miaka ya tisini. Mfano mmoja ni asidi ya adipiki, ambayo hutumiwa kutengenezea nailoni. Njia ya kale hutumia asidi kali ya nitriki na kutoa gesi zinazodhuru mapafu. Njia mpya hutumia haidrojeni peroksidi pamoja na kichocheo, na kinachobaki zaidi ni maji.

Mfano mwingine unaopendwa na wahadhiri ni dawa ya maumivu ya ibuprofeni. Njia ya kwanza ilikuwa na hatua sita, na hata kazi ikienda bila dosari, asilimia 40 tu ya uzito wa malighafi iliingia katika dawa. Njia mpya ya hatua tatu ilifikisha kiwango hicho asilimia 77. Mgonjwa hupata dawa ile ile, lakini kiwanda hutupa taka kidogo zaidi.

Bila shaka vikwazo vipo. Mitaala imejaa, na wahadhiri wengi walifunzwa kwa njia za kale. Lakini chuo kinachotumia kemikali zisizo kali hupunguza gharama za kuondoa taka zenye sumu, na wanafunzi wake hawavuti mvuke wenye madhara.

Nasi Wakenya tunaijua gharama ya kuchelewa. Mwaka 1921 mkemia Thomas Midgley aligundua kwamba kiungo chenye madini ya risasi kilizuia injini kugonga. Kiungo hicho kilifanya kazi vizuri, lakini risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Petroli yenye risasi iliondolewa katika vituo vyetu mwaka 2006, miaka 85 baadaye.

Kwa hivyo, mzazi ambaye mwanawe amepata nafasi ya kusomea kemia asiulize tu kuhusu karo na malazi. Aulize pia kama kuna somo la sumu na madhara yake. Naye mwanafunzi, kila anapokabidhiwa chupa maabarani, amwulize mhadhiri wake maswali mawili: kemikali hii hufanya nini mwilini, na je, hakuna nyingine isiyodhuru ya kuchukua nafasi yake?