Nani Ameshika Daftari?

Hivi karibuni nilikuwa Kasokola, kata iliyo pembeni mwa mji wa Mpanda, mkoani Katavi. Nilifuatana na bwana shamba aliyekuwa akienda kuonana na kikundi cha wakulima wa mahindi na karanga. Tulikuta kikao kimekwisha anza chini ya mwembe. Mwenyekiti kakaa kwenye kiti cha kukunja, katibu kashika daftari lake gumu, na wanachama kama thelathini wamekaa juu ya magogo na mikeka.

Katibu alikuwa akisoma muhtasari wa kikao kilichopita. Alipofika kwenye mchango wa kununulia dawa ya kuhifadhia mahindi, akasoma kwamba wanachama waliazimia kuchangia kila mwezi. Hapo mama mmoja akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, hapo sikubali. Tulisema tutachangia baada ya mavuno. Hilo la kila mwezi limetoka wapi?" Minong'ono ikazuka. Katibu akajitetea kwamba yeye alielewa hivyo. Mwenyekiti akaagiza sentensi ile ikatwe, iandikwe upya na isomwe tena kwa sauti. Ndipo kikao kikaendelea.

Baadaye nikamwamkia mama yule na kumsifu. Akacheka. "Mwanangu, maneno ya mdomo yanapeperuka. Atakayekuja kunidai atafungua daftari, hataniuliza nilisema nini." Kisha akanigeuzia kibao: "Na huko mnakotangaza kila siku redioni kwamba wakubwa wamekutana kuzungumza kilimo, daftari anashika nani? Na nani anasikiliza likisomwa?"

Swali lile lilinichoma, kwa sababu najua nimewahi kukosea. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kuripoti mkutano wa kimataifa wa kilimo jijini Dar es Salaam. Nilirekodi hotuba ya mgeni rasmi, nikachukua mkoba na kofia niliyogawiwa, nikarudi studio kuwahi taarifa ya saa mbili usiku. Wajumbe walibaki siku tatu zaidi. Walichoandika siku hizo tatu sikukijua, wala msikilizaji wangu hakukijua. Leo nataka kulipa deni hilo kwa kueleza jinsi mikutano hii inavyoendeshwa.

Tuuchukue mkubwa kuliko yote, Mkutano Mkuu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1945 mjini Quebec, Kanada, na makao yake yako Roma, Italia. Tanganyika ilijiunga mwaka 1962, mara tu baada ya uhuru. Leo wanachama ni nchi 194 pamoja na Umoja wa Ulaya. Mkutano Mkuu hukutana kila baada ya miaka miwili, na kila nchi ina kura moja, iwe Marekani au Komoro. Katikati ya mikutano hiyo, kazi husimamiwa na Baraza la nchi 49 zinazochaguliwa kwa zamu.

Jambo la kwanza linalofanyika si hotuba. Kamati ndogo ya nchi tisa hukagua hati za uwakilishi, ili kuhakikisha kwamba kila anayekaa nyuma ya kibao cha nchi ametumwa kweli na serikali yake. Huchaguliwa mwenyekiti wa mkutano na makamu watatu. Hao, pamoja na nchi nyingine saba, huunda Kamati Kuu ya uendeshaji, ambayo hupanga ratiba na kutazama jambo gani liende wapi. Majina ya wagombea wa nafasi hizi aghalabu huwa yamekwisha afikiwa ndani ya makundi ya kanda, Afrika likiwamo. Kwa hiyo nchi isiyofika kwenye vikao vya kundi lake hukuta sahani zimekwisha gawanywa.

Kisha mkutano hugawanyika. Upande mmoja kuna kikao cha wote, ambamo mawaziri husoma hotuba zao mmoja baada ya mwingine. Hicho ndicho tunachokiona kwenye televisheni. Upande mwingine, saa zile zile, kuna kamisheni mbili. Ya kwanza hushughulikia sera, ya pili hushughulikia mipango na fedha. Huko ndiko maazimio yanakopikwa. Waziri anapohutubia huku juu, mtaalamu wake anapaswa kuwa kule chini akipigania sentensi. Nchi iliyoleta ujumbe wa watu ishirini hukaa kila chumba. Nchi iliyoleta watu wawili huchagua chumba kimoja, na vingine huvisoma kwenye karatasi kesho yake.

Chini ya kamisheni kuna ngazi nyingine bado. Wajumbe wakibishana mno, mwenyekiti hutenga kikundi kidogo kikatafute maneno ya kuwapatanisha. Hapa inatumika alama moja ambayo kila mwandishi wa habari za kilimo angepaswa kuifahamu: mabano ya mraba. Neno ambalo halijakubaliwa na wote hufungwa ndani ya mabano hayo. Rasimu inaweza kuanza imejaa mabano kama ukuta wa matofali, na kazi ya usiku na mchana ni kuyaondoa moja baada ya jingine. Kila bano likifunguka, kuna aliyepata na aliyeachia. FAO ina lugha rasmi sita, Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi, na kwenye kikao cha wote wapo wakalimani. Lakini vikundi vya usiku mara nyingi hutumia Kiingereza peke yake. Asiyekimudu vizuri hubaki akitikisa kichwa.

Usidhani mambo haya ni ya Roma tu. Desemba 2015 Shirika la Biashara Duniani lilikutana hapo Nairobi, mwenyekiti akiwa Bibi Amina Mohamed, waziri wa mambo ya nje wa Kenya wakati huo. Mkutano ulipangwa kumalizika tarehe 18, ukavuka hadi 19. Saa za mwisho mazungumzo magumu ya kilimo yaliendeshwa na wachache: Marekani, Umoja wa Ulaya, China, India na Brazil. Mengine yalisubiri mlangoni. Matokeo hayakuwa mabaya, maana iliazimiwa kuondoa ruzuku ambazo nchi hutoa ili kuuza mazao yao nje kwa bei ya kutupa. Lakini umeona chumba kilivyokuwa kidogo.

Sasa turudi kwenye karanga za Kasokola, maana hapa ndipo utamu na uchungu wa jambo lenyewe ulipo.

Tarehe 3 Novemba 2001, Mkutano Mkuu wa FAO ulipitisha Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kwa Chakula na Kilimo. Kwa maneno ya nyumbani, ni mkataba wa mbegu. Nchi 116 zilisema ndiyo, hakuna iliyokataa, mbili hazikuegemea upande wowote, nazo ni Marekani na Japani. Kura ile ilichukua dakika chache, lakini majadiliano yalikuwa yamechukua miaka saba, kwa muda mrefu chini ya uenyekiti wa Balozi Fernando Gerbasi wa Venezuela. Lengo lilikuwa jema: mbegu zilizohifadhiwa kwenye hazina za nchi mbalimbali zipatikane kwa watafiti wa nchi zote kwa masharti mamoja, na faida itakayotokana nazo igawanywe.

Mbegu zipi? Ikaandikwa orodha. Ili zao liingie, ilibidi nchi zote zikubali. Nchi iliyoona zao fulani ni mali yake ya asili, au ni turufu yake katika biashara, iliweza kulizuia. Orodha iliyotoka ilikuwa na mazao 64 ya chakula na malisho. Mahindi yamo, mpunga umo, mtama, maharage, muhogo, ulezi na viazi vitamu vimo. Karanga hazikuingia. Soya haikuingia. Hata michikichi, ambayo majirani zetu wa Kigoma wanaitegemea, haikuingia. Si kwamba mtu alisimama akasema wakulima wa karanga hawana maana. Zao lilikosa maafikiano chumbani, na hapo likabaki nje. Mtafiti anayetaka mbegu ya karanga kutoka hazina ya nchi nyingine hawezi kutegemea masharti yale mepesi peke yake. Mara nyingi itambidi akapatane upya na mwenye nayo.

Mkataba huo huo una ibara ya tisa, inayozungumzia haki za wakulima. Inasema kwamba hakuna kitu ndani yake kitakachopunguza haki za mkulima za kutunza, kutumia, kubadilishana na kuuza mbegu alizotoa shambani mwake. Ukisikia hivyo utapiga makofi. Lakini sentensi haikuishia hapo. Umeongezwa mkia mfupi usemao kwamba haki hizo zitafuata sheria za nchi na kadiri inavyofaa. Mkia ule ndio uliowawezesha wasiotaka na waliotaka kutia saini karatasi moja. Ndio pia uliorudisha mzigo wote nyumbani. Haki ya mama wa Kasokola kumpa jirani yake kibaba cha mbegu imeachwa mikononi mwa Bunge letu.

Miaka kumi na minne baadaye jambo hilo likatufuata hadi Arusha. Kuanzia mwishoni mwa Juni 2015, Shirika la Miliki Bunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO, lenye makao yake Harare, lilifanya mkutano wa kidiplomasia hapo kuhusu haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Tarehe 6 Julai ikapitishwa Itifaki ya Arusha. Siku hiyo nchi nne zilitia saini: Gambia, Ghana, Msumbiji, na Sao Tome na Principe. Itifaki ilianza kutumika Novemba 2024.

Hapa nataka uone nguvu ya mjumbe aliyejiandaa. Rasimu ya awali iliacha uamuzi wa kutoa hakimiliki mikononi mwa ofisi moja ya kanda. Wakiwa mezani Arusha, wajumbe walibana hadi ikaandikwa kwamba kila nchi inaweza kukataa hakimiliki fulani isitumike ndani ya mipaka yake. Hilo lilikuwa bano lililofunguka upande wetu. Kwa upande mwingine, ruhusa ya mkulima kutunza mbegu zenye hakimiliki na kuzipanda tena ilifungwa ndani ya mipaka ya kadiri, na kwa mazao yatakayotajwa na Baraza la Utawala la shirika hilo. Kamati tena! Mashirika ya kiraia yalilalamika kwamba wakulima wenyewe hawakupewa nafasi ya kutosha.

Niseme kwa haki, ili nisitie watu hofu ya bure. Haki hizi za wagunduzi zinahusu aina mpya zilizosajiliwa. Mbegu ya asili ambayo bibi alimwachia mama, haiguswi nazo. Mgunduzi naye anastahili jasho lake, maana bila yeye tusingepata mahindi yanayostahimili ukame. Lakini mbegu za kisasa zinazidi kuingia mashambani, na Tanzania Bara ina sheria ya haki za wagunduzi tangu mwaka 2012. Novemba 2015 nchi yetu iliingia pia katika umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea. Kwa hiyo mstari kati ya mbegu ya kugawa na mbegu isiyogawiwa unazidi kumkaribia mkulima wa kawaida.

Baada ya saini kuna hatua ya mwisho ambayo tunaisahau. Kwa mujibu wa ibara ya 63 ya Katiba, mikataba inayohitaji kuridhiwa hupelekwa Bungeni. Hapo ndipo muhtasari wa dunia unaposomwa kwa sauti mbele yetu, kwa Kiswahili, na wabunge wetu wakiwa ukumbini. Ni mara ngapi mimi na wewe tumemwuliza mbunge alisema nini siku hiyo?

Naona kuna maswali matatu ya kuuliza kila tunapotangaziwa kwamba ujumbe wetu umepaa kwenda mkutanoni. La kwanza, wamekwenda wangapi, na kila kamati imepata mtu wake? La pili, kabla ya kuondoka walikaa na nani? Ajenda na nyaraka hutolewa mapema, na kuna muda wa kuwauliza wakulima wa Mpanda au wa Newala wanataka neno gani liingie na lipi litoke. La tatu, wakirudi, nani atatusomea kilichoandikwa? Mgeni rasmi alichosema hakitakuja kutudai. Kilichoandikwa ndicho kitakachokuja.

Nasi waandishi tuna sehemu yetu. Tukiondoka baada ya hotuba ya ufunguzi, tumeripoti nyimbo tukaacha ndoa.

Jioni ile, kabla sijapanda gari kurudi Mpanda mjini, nilimwomba katibu wa kikundi anionyeshe lile daftari. Sentensi ya kila mwezi ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake imeandikwa baada ya mavuno. Pembeni mwenyekiti ameweka saini yake na tarehe. Mama yule alikuwa amesimama nyuma yangu, akichungulia begani, kuhakikisha.