Nepia: Chagua Mbegu Baada ya Kukata

Mvua za Machi zikikaribia hapa Naitiri, Bungoma, nepia huanza kusafiri. Jirani hukata mashina yaliyokomaa, mwenzake huyabeba kwa bodaboda, na lishe ya ng'ombe hupandwa bila kununuliwa. Ukarimu huo ndio pia hueneza ugonjwa wa nepia kudumaa.

Nchini Kenya, ugonjwa huu uliripotiwa kwanza hapa hapa Bungoma, mwaka 1997. Husababishwa na fitoplasma, kiumbe wa jamii ya bakteria asiye na ukuta wa seli, anayeishi katika mirija inayopitisha chakula cha mmea. Mdudu mdogo mfyonza utomvu, Maiestas banda, humhamisha kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Kutoka kijiji hadi kijiji, vipando vyetu humbeba.

Nepia iliyoambukizwa huweza kuonekana nzima mpaka ikatwe. Ikichipua upya ndipo utaona majani madogo ya manjano, pingili fupi na machipukizi mengi dhaifu; hatimaye kichaka hufa. Wengi hudhani ni upungufu wa mbolea. Lakini shamba lenye njaa hufifia kwa jumla, ilhali ugonjwa huanzia kwenye vichaka vichache, huku vya jirani vikistawi.

Basi usivutiwe na nepia ndefu ambayo haijawahi kukatwa. Tafuta shamba lililokatwa zaidi ya mara moja, ukague machipukizi, utie alama vichaka vyenye afya na uviache vikomae kwa ajili ya mbegu.

Kata vipande vyenye mafundo matatu kutoka mashina yaliyokomaa. Vipande vipandwe kwa kuinamishwa, macho yakitazama juu, mafundo mawili yakiwa udongoni na moja nje. Mafundo yaliyofukiwa hutoa mizizi. Acha mita 1 kati ya mistari na nusu mita kati ya mimea. Baada ya miezi 3 au 4, nepia ikifika kimo cha mita 1 hivi, ikate.

Ukipata mbegu usiyoijua historia yake, ipande kwanza kwenye kipande kidogo cha ardhi, mbali na nepia yako ya zamani. Ikate, ungoje ichipue. Kichaka chenye dalili king'oe na mizizi yake, ukichome, kwani hakuna dawa ya kunyunyizia itakayokiponya. Vichaka vikichipua vizuri, panua shamba, na jirani akiomba mbegu, mwonyeshe machipukizi kwanza.